Mwache Mtoto Alale Kidogo Mchana

Tuseme wewe ni mwalimu wa darasa la sita. Ni saa tano na nusu ya mchana. Jua linachoma mabati, watoto wamebanana wanne wanne juu ya kila benchi, nawe unaandika ubaoni maneno ya Kifaransa. Unapogeuka unaona mtoto mmoja wa benchi la nyuma amelaza kichwa juu ya daftari. Mdomo u wazi, kalamu imeanguka chini. Amelala. Utafanya nini?

Wengi wetu tunajua jibu, maana sisi wenyewe tulifanyiwa hivyo. Mtoto huamshwa kwa fimbo, au hupigishwa magoti mbele ya wenzake mpaka kengele ilie. Jioni baba yake hupata habari, naye huongeza ya kwake. Tangu siku hiyo mtoto huitwa mvivu, na jina hilo ni gumu kulivua. Baada ya miaka miwili mitatu baba husema, "Huyu hana kichwa cha masomo, heri anisaidie shambani." Basi mtoto mwenye akili nzuri hutoka shuleni, na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza habari za usingizi wake. (Kijana Eutiko naye alilala Mtume Paulo alipokuwa akifundisha, akaanguka toka orofa ya tatu. Hatusomi mahali po pote kwamba alipigwa kwa ajili ya usingizi ule.)

Kabla ya kushika fimbo, uliza maswali haya. Jana usiku alilala saa ngapi? Leo aliamka saa ngapi? Tangu alipoamka amefanya kazi gani, na amekula nini?

Mara nyingi utasikia hivi. Aliamka saa kumi na moja, kungali giza. Alikwenda mtoni na bidoni ya maji, akarudi, akafagia uwanja, akambeba mdogo wake mgongoni mama alipowasha moto. Alikula kipande cha muhogo wa jana, au hakula. Kisha akatembea saa nzima kwa miguu, maana Walikale yetu ni pana, zaidi ya kilometa za mraba 23,000, na vijiji vingi viko mbali na shule. Saa tano na nusu inapofika, mtoto huyo amekwisha kuwa macho muda wa saa sita na nusu. Mwili wake unadai deni lake.

Tena, ujue kwamba katika mwili wa kila mtu kuna saa ya ndani. Saa hiyo hutuletea usingizi mkubwa usiku, na usingizi mdogo mchana, kati ya saa saba na saa tisa hivi. Watu husema ni bugali inayoleta usingizi wa mchana. Ni kweli kidogo, chakula kingi huuongeza. Lakini hata mtu ambaye hakula chakula cha mchana huusikia usingizi huo. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeiweka saa hiyo ndani yetu, wala si kosa la mtoto.

Sasa tuangalie jambo ambalo wazazi wengi hawajalisikia, nalo ndilo kubwa katika habari hii. Mtu akilala, ubongo wake haulali kama jiwe. Unafanya kazi. Na mojawapo ya kazi zake ni kuweka mahali pake mambo aliyojifunza mtu akiwa macho.

Fikiri mama anayevuna maharagwe. Anachuma na kutia kapuni. Kapu likijaa, hata akichuma kwa bidii namna gani, maharagwe yatamwagika chini. Imempasa kwenda nyumbani, amwage kapu ghalani, kisha arudi shambani na kapu tupu. Ndani ya ubongo, kwa usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo ambayo wataalamu huiita hipokampasi. Hiyo ni kama kapu. Mambo mapya ya leo hupokewa hapo kwanza. Sehemu pana za juu za ubongo ni kama ghala, na ndani yake mambo hukaa miaka mingi. Wakati wa usingizi, mambo ya kapuni hupitishwa tena na tena, na kidogo kidogo huhamishiwa ghalani. Mtoto aliyefundishwa tangu asubuhi, asipate kupumzika hata kidogo, kapu lake limejaa. Mwalimu anazidi kumimina, na maneno yanaanguka chini.

Huenda utauliza, Mambo haya yamejulikanaje? Hakuna awezaye kufungua kichwa cha mtu na kutazama. Ni kweli, lakini yako mambo yanayoweza kupimwa. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alitangaza majaribio aliyoyafanya juu ya nafsi yake mwenyewe. Alijifunza silabi zisizo na maana yo yote, kisha akapima zimebaki kiasi gani. Saa moja tu baadaye, zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Ndivyo tunavyosahau sote, hata wenye akili nyingi. Kisha mwaka 1924 wachunguzi wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, Jenkins na Dallenbach, waliwafundisha wanafunzi wawili silabi kumi kumi za namna hiyo. Mara nyingine wanafunzi hao walilala baada ya kujifunza, mara nyingine walikaa macho wakifanya shughuli zao. Saa nane zilipopita, walipokuwa wamelala walikumbuka zaidi ya nusu. Walipokuwa macho walikumbuka moja hivi katika kumi.

Hayo yalikuwa ya usiku zaidi. Je, usingizi mfupi wa mchana nao wafaa?

Mwaka 2013 wachunguzi wa mji wa Amherst, Marekani, waliwapa watoto wadogo 40 wa shule ya chekechea mchezo wa kukumbuka picha iko mahali gani. Siku moja mtoto alilala mchana, kama saa moja na robo. Siku nyingine alizuiwa kulala. Siku aliyolala alikumbuka vizuri zaidi, na siku asiyolala alisahau. Tena, na hili ni la kuangalia sana, asubuhi yake tofauti ilikuwa ingaliko. Usiku mzima wa kulala haukurudisha yale yaliyopotea mchana. Watoto wengine walilala huku umeme mdogo wa ubongo wao ukipimwa kwa mashine, na wale waliokuwa na mawimbi mengi mafupi ya haraka ndani ya usingizi wao ndio waliofaidika zaidi.

Kwa vijana wakubwa, nitakueleza jaribio moja la Singapore lililotangazwa mwaka 2019, maana linahusu kabisa wanafunzi wetu wanaojiandaa kwa mtihani wa Serikali. Wanafunzi 84 wa chuo walifundishwa habari ndefu za wadudu na kaa. Katikati ya masomo walipewa saa moja. Kundi la kwanza walilala. Kundi la pili walirudia kusoma kwa nguvu yale yale waliyofundishwa. Kundi la tatu walipumzika wakiwa macho. Halafu masomo yakaendelea. Nusu saa baada ya masomo kwisha walipewa mtihani. Waliolala na waliorudia kusoma waliwashinda wale waliopumzika tu. Basi mtu angesema, kulala na kusoma ni sawasawa. Lakini baada ya juma moja waliulizwa tena. Waliorudia kusoma walikuwa wamekwisha kupoteza faida yao kubwa. Waliolala walikuwa bado mbele.

Angalia sasa namna wanafunzi wetu wanavyofanya. Tangu mtihani wa Serikali ulipoanzishwa mwaka 1967, kila mwaka vijana hukesha usiku wakisoma kwa mwanga wa tochi au wa simu, wakitafuna kola na kunywa kahawa ili macho yasifunge. Wakati wa mchana hawalali, maana wakilala wataitwa wavivu. Wanajaza kapu usiku na mchana, na hawafiki ghalani hata mara moja. Mtihani unapokuja mikono inatetemeka na kichwa ni kitupu. Kisha husemwa kwamba wamerogwa.

Iko habari nyingine, ya watoto wa shule ya msingi huko Jintan katika nchi ya China. Ilitangazwa mwaka 2019 pia, nayo ilihusu watoto 2,928. Huko ni desturi watoto wa shule kulala kidogo baada ya chakula cha mchana. Wale wa darasa la sita waliolala mchana mara tatu au zaidi kwa juma walikuwa na masomo bora kuliko wenzao, kwa kadiri ya asilimia 7.6, na walikuwa wachangamfu zaidi. Lakini habari hii tusiivute kupita nguvu yake. Huenda watoto waliolala walitoka katika nyumba zenye utulivu zaidi, na utulivu huo ndio uliowasaidia. Mimi nategemea zaidi yale majaribio ambayo mtoto yule yule hupimwa siku aliyolala na siku asiyolala.

Basi, twende nyumbani kwako. Mtoto wa miaka mitatu mpaka mitano alale mchana saa nzima au zaidi, kama mwenyewe anataka. Usimwamshe ili akusaidie. Mtoto mkubwa wa shule dakika ishirini mpaka thelathini zamtosha, na asilale baada ya saa tisa, maana usiku atakosa usingizi. Akilala muda mrefu zaidi, akiamka atakuwa mzito, atajibu hovyo, hata atalia. Usimkasirikie. Mpe maji ya kunawa uso, umwache robo saa, ndipo umpe daftari. Ale kwanza kabla ya kulala, ijapokuwa ni ndizi moja, maana njaa humwamsha mtu. Mkeka kivulini watosha, lakini mdogo alale ndani ya chandarua hata mchana, na radio izimwe. Ninyi mlioko milimani upande wa Masisi, mfunikeni kitambaa.

Jambo jingine nalisema wazi, ijapokuwa baba wengine hawatalipenda. Nyumbani kwetu mvulana akitoka shuleni huambiwa, "Pumzika, umechoka." Dada yake aliyetoka shule ile ile, kwa njia ile ile, huweka daftari chini na kushika mchi atwange sombe. Baadaye hubeba mtoto, baadaye huenda kutafuta kuni. Halafu twasema wasichana hawana akili ya masomo. Akili wanayo, ila nusu saa ya kuitunza hawapewi. Kaka mtu naye aweza kutwanga, wala mikono yake haitavunjika.

Na shule zenye zamu mbili? Watoto wa zamu ya mchana huingia darasani wenzao wa asubuhi wakitoka, yaani wanaanza masomo saa ile ile mwili unapotaka kulala. Hao walale kabla ya kwenda, kama saa nne au saa tano asubuhi. Yule aliyelimishwa tangu alfajiri mpaka saa sita ndipo akatumwa shule, tusitazamie kwamba atakumbuka mengi. Mwalimu wa zamu hiyo naye asiweke hesabu ngumu kwanza. Aanze kwa kuimba, au kwa kusimama na kusoma kwa sauti. Kama direkta wa shule anakubali, watoto wote walaze vichwa juu ya benchi dakika kumi, darasa zima kimya. Watakaolala walale. Dakika kumi hizo hazipunguzi somo kuliko saa nzima ya watoto wanaosinzia.

Lakini usidhani kwamba usingizi wa mchana waweza kuchukua mahali pa usingizi wa usiku. Huo ni msaada tu. Mtoto wa miaka sita mpaka kumi na miwili ahitaji kulala saa tisa mpaka kumi na mbili katika siku nzima, na kijana wa miaka kumi na mitatu mpaka kumi na minane saa nane mpaka kumi. Piga hesabu mwenyewe. Mtoto anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri sharti awe amelala saa mbili ya usiku, ndipo apate saa tisa. Je, nyumbani kwako saa mbili kuna kimya? Au ndiyo saa ya wageni, simu na muziki wa jirani?

Twajua pia kwamba kuna usiku ambao hakuna mzazi awezaye kuutengeneza. Mwezi wa tatu mwaka 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Walikale-centre, wengi walikimbilia msituni na watoto wao, wakalala chini ya miti na mvua. Wapiganaji hao waliondoka mwanzo wa mwezi wa nne, lakini usingizi wa mtoto haurudi siku ile ile watu wanaporudi. Kuna watoto wanaoamka usiku wakipiga kelele. Kuna wanaoogopa kufumba macho giza likiingia. Mtoto wa namna hiyo, akilala mchana karibu na mama yake huku nuru ikiwako, huo waweza kuwa usingizi wake mzuri pekee. Usimwondolee. Mwalimu aliyepokea watoto wa wakimbizi darasani, naye alikumbuke jambo hili anapomwona mmoja amelala.

Sasa kuna usingizi ambao si wa kuachwa. Mtoto mwenye homa anayesinzia mno, au ukimwamsha hafumbui macho vizuri, au haongei kama kawaida, au anatapika kila kitu, au ametikisika kwa degedege, huyo mlete hospitali saa ile ile. Usingoje kuche. Malaria ikipanda kichwani huua upesi, na nchi yetu ni ya pili duniani kwa wingi wa malaria, nyuma ya Nigeria. Vivyo hivyo mtoto aliyeanguka na kugonga kichwa, kisha akaanza kusinzia.

Wako wengine ambao hawana homa, lakini kila siku wamechoka, viganja vyeupe, midomo myeupe, wakipanda kilima wanahema. Hao wamepungukiwa damu. Huenda ni malaria ya mara kwa mara, huenda ni minyoo ya safura inayoingia kwa miguu isiyo na viatu, huenda ni chakula kisicho na maharagwe, mboga wala samaki. Hata wakilala mchana kutwa hawatapona kwa kulala. Watapona kwa dawa na chakula. Tena yupo mtoto anayekoroma sana usiku, mara pumzi inakatika kidogo, ndipo anashtuka. Huyo hulala usiku kucha lakini hapumziki. Mwonyeshe mganga koo lake.

Wazee watauliza habari za malale. Wana haki kuuliza, maana zamani mtu mzima aliyesinzia mchana aliogopwa kijiji kizima. Ugonjwa huo huletwa na mbung'o. Mgonjwa hulala mchana na kuwa macho usiku, tezi za shingo huvimba, mwili hukonda, na tabia hubadilika. Mwaka 1998 waliandikwa katika nchi yetu wagonjwa zaidi ya 26,000. Mwaka 2018 wagonjwa walioandikwa duniani pote hawakufika 1,000. Mwaka huo huo ilikubaliwa dawa ya kumeza, feksinidazoli, ambayo imewaepusha wagonjwa wengi na sindano kali za zamani. Kwa hiyo ukiona dalili hizo zote pamoja, njoo upimwe damu. Lakini mtoto anayesinzia saa saba ya mchana, usiku akalala vizuri, akila na kucheza na wenzake, huyo hana malale.

Kama bado una shaka juu ya haya, jaribu wewe mwenyewe. Jumamosi moja, saa saba, mfundishe mtoto wako maneno kumi mapya ya Kifaransa mpaka ayaseme yote bila kutazama. Kisha alale nusu saa. Saa kumi mwulize, na Jumamosi ifuatayo mwulize tena, bila kumkumbusha katikati. Siku hiyo ukiisha kumwuliza, mfundishe maneno kumi mengine yenye ugumu ule ule, lakini asilale, acheze tu. Mwulize saa kumi, na tena baada ya juma moja. Mara moja haitoshi kujua, maana labda siku moja alikuwa na njaa au maneno yalikuwa mepesi. Fanya hivyo majuma manane, moja la kulala, moja la kutolala. Kila mara andika hesabu nyuma ya daftari lake, na siku mtakapokuja kliniki mlete daftari hilo, tupate kulitazama pamoja.